Pampu Imelia Kidogo

Tarehe 14 Novemba 2025 Mzee Kipriani Ndihokubwayo anatimiza miaka sitini, na alasiri ya siku hiyohiyo atakabidhi funguo za kituo cha kusukuma maji cha Nyakibanga, chini ya kilima cha Heru Juu. Atakuwa ameitumikia mamlaka yetu ya maji kwa miaka thelathini na mitano na miezi minane. Kamati ya sherehe ilimwomba Mwatumu Gharibu, afisa wa kumbukumbu za mitambo, aandike kwenye jarida letu la ofisi wasifu wa ukurasa mmoja, wa kuchangamsha. Mwandishi alikubali kwa furaha. Wasifu umezidi ukurasa mmoja na furaha imepungua njiani, kwa sababu zitakazoonekana.

Mzee Kipriani ni mzaliwa wa Gwarama, mtoto wa nne wa mkulima wa mihogo na maharage. Jina lake kwa lugha ya kwao ni kusema "nipo kwa sababu Yake", ila hati ya mshahara haikuwahi kulimudu. Kwa miaka kumi na miwili aliandikwa Ndihokubwa, baadaye Ndihoku, na mwaka mmoja, tunamwomba radhi, aliandikwa Ndio Kubwa. Hakulalamika. Alisema Mungu anajua herufi zilizobaki.

Aliajiriwa Machi 1990, msaidizi wa fundi mitambo Kibondo. Miaka michache baadaye wakimbizi walipovuka mpaka kwa maelfu, yeye ndiye aliyekuwa akiendesha pampu ya dizeli iliyojaza matangi yao. Hapo ndipo alipompata Winifrida Ininahazwe, aliyekuja na mama yake na dumu moja la njano. Winifrida alipanga foleni siku tatu bila kumtazama. Siku ya nne alimwambia tu, "Bomba lako linalia," akaondoka na maji yake. Kipriani akalikaza bomba, kesho yake akauliza jina. Hadithi hii tumeisikia kwenye kila sherehe ya kazini, na kila mara mwandishi amecheka, akiwaza bomba linalopiga kelele kama bawaba kavu.

Mwaka 1999 alihamishiwa Kasulu, akapewa Nyakibanga na Pampu Namba Mbili, ambayo tangu siku hiyo hakuna mtu mwingine aliyeijua. Wasomaji wa idara ya fedha watuvumilie kidogo. Maji hupenda kutorokea pale shafti inapoingia ndani ya pampu. Kwa pampu za zamani mahali hapo huzibwa kwa kamba nene zilizolowa grisi, zikakatwa pete, zikapangwa pete juu ya pete kuizunguka shafti, kisha zikabanwa kwa nati mbili. Ukibana sana, kamba zinaungua na shafti inalika. Ukilegeza sana, kituo kinakuwa kidimbwi. Pampu yenye afya hutoa tone, halafu tone jingine, na matone hayo ndiyo yanayozipoza kamba. Mzee Kipriani alikuwa akiyahesabu kwa saa yake ya mkononi kila asubuhi. Yakizidi arobaini kwa dakika, alizungusha nati robo mzunguko. Yakipungua, aliilegeza robo. Spana yake namba kumi na saba ilikaa mfuko wa kulia, na hakuna suruali yake ambayo Winifrida hakuitilia kiraka upande huo.

Matone hayo aliyakinga kwa bati, akayaongoza kwa mfereji mdogo hadi nje, akaotesha mchicha. Wafanyakazi wa makao makuu tuliuita mboga za pampu. Kila Ijumaa mwendesha bodaboda wetu, Anania, alipoleta karatasi za kituo alileta na mafungu ya mchicha, na wakuu wawili wa idara waliwahi kununiana kwa ajili ya fungu moja.

Pampu ilimpa mchicha ikamchukua masikio. Kufikia mwaka 2015 daktari aliandika kwamba sikio la kushoto limekufa na la kulia limebaki na kidogo sana. Kwa hiyo Mzee hapokei simu. Anazungumza kwa sauti kubwa, anatazama midomo, na mtambo anausikiliza kwa kiganja: anaweka mkono juu ya mota, anafumba macho, anakuambia beringi ya nyuma imebakiza wiki tatu. Kwa sababu ya masikio, mawasiliano yake na ofisi yamekuwa ya kuandika tu. Kila siku hujaza daftari la kituo, na nakala ya kaboni huja mjini na Anania kila siku ya kazi.

Maandishi yake ni mafupi. Siku nyingi yana maneno mawili tu: "Inalia vizuri." Mwandishi wa wasifu huu ni mtu wa Pangani, amezaliwa na kulelewa ndani ya Kiswahili, na alipohamishiwa Kasulu mwaka 2019 aliyapenda sana maneno hayo. Pampu inayolia vizuri. Aliiwazia ikinguruma kule bondeni, imeshiba mafuta, haina kwikwi. Aliwahi hata kuyasoma mbele ya wageni kutoka mkoani kama mfano wa Kiswahili kitamu cha watu wa huku.

Hapa inabidi ielezwe habari ya msumari. Mamlaka yetu hutoa cheti cha utumishi mwema kwa mstaafu ambaye jalada lake halina barua ya onyo hata moja, na cheti hicho husomwa ukumbini kabla ya chakula. Mzee Kipriani hakuwahi kutaka cheo. Alikitaka cheti hicho. Mwaka ule daktari alipomwambia habari za masikio, alirudi nyumbani akapiga msumari kwenye ukuta wa sebuleni, juu ya redio ambayo hakuisikia tena, akamwambia mkewe mahali hapo pasitundikwe kitu. Msumari huo una miaka kumi sasa. Watoto wa jirani wakitaka kutundika kalenda hapo, Winifrida huwafukuza.

Februari 2024 iliamuliwa Pampu Namba Mbili iachane na kamba, ifungwe sili kavu. Ni kifaa kizuri, tusikisingizie. Kina nyuso mbili laini zinazosuguana, moja inazunguka na shafti, nyingine imetulia, na kati yake halipiti hata tone. Nyuma yake kuna pete ya mpira inayoikumbatia shafti. Hakuna kukaza wala kulegeza. Fundi William, aliyekuja na kifaa hicho kutoka mbali, alivaa glavu nyeupe, kwa sababu nyuso zile hazigusiki kwa vidole. Mzee Kipriani alizichomoa kamba za zamani kwa ndoano, moja moja, akazilaza kwenye gazeti kwa mpangilio uleule. Kisha akapitisha ukucha juu ya shafti, akasimama.

"Fundi, hapa pamelika," alisema, kwa ile sauti yake ya kusikika hadi barabarani. "Kamba zimechimba. Mpira utakalia shimo."

William alipitisha msasa, akasema mfereji uliochimbwa na kamba ni mdogo mno, sili itakaa. Ilikaa. Mchana ule pampu iliwashwa na sakafu ikabaki kavu kwa mara ya kwanza tangu kituo kijengwe. Watu walipiga makofi. Mzee Kipriani alikuwa na spana mkononi, akaizunguka pampu mara mbili akitafuta nati yake, haikuwepo. Mwandishi alikuwepo siku hiyo, aliona, akadhani mzee anashangaa maendeleo. Kufikia Aprili mchicha wote ulikuwa umekauka.

Kuanzia siku ya pili daftari lilibadilika. Palipokuwa na "Inalia vizuri" pakaja "Hailii". Mwandishi alifurahi. Mtambo mpya hauna kelele, alijisemea, na kwenye taarifa ya mwezi akaandika kwamba Pampu Namba Mbili imetulia kabisa. Hailii, hailii, hailii, miezi sita mfululizo.

Jumanne tarehe 6 Agosti 2024 iliandikwa: "Leo imelia kidogo." Mwandishi alichukua kalamu nyekundu akaandika pembeni, "Paka grisi beringi," akampa Anania airudishe kituoni, ikabandikwe daftarini kama kawaida. Mzee alipaka grisi. Jumatano: "Nimepaka. Imelia zaidi." Mwandishi akaandika, "Imeonwa." Alhamisi ilikuwa Nane Nane, ofisi ilifungwa, na gari letu lilikuwa Kibondo kwenye maonyesho. Karatasi ya Alhamisi ilisomwa Ijumaa: "Inalia sana. Naomba mje." Pembeni yake kuna neno moja kwa wino mwekundu: "Jumatatu."

Jumamosi asubuhi sili ilipasuka. Maji yalichomoka kwa nguvu yote ya mlima, yakaipiga mota, mota ikaungua. Mzee, aliyekuwa peke yake kituoni, akazima swichi akiwa amelowa hadi kifuani. Heru Juu haikupata maji kwa siku kumi na moja. Akina mama walishuka mtoni na madumu na kupanda nayo, bodaboda zilibeba madumu badala ya abiria, na zahanati iliwahamisha wajawazito. Shafti ilipofunguliwa, mfereji ulikuwa palepale ukucha uliposema, chini ya mpira.

Kamati ya uchunguzi iliketi mwezi huohuo. Habari ya mfereji ilipewa mstari mmoja. Swali kubwa lilikuwa hili: kutu ilionyesha sili ilivuja siku nne, kwa nini mwendesha pampu hakutoa taarifa ya uvujaji?

"Niliandika," alisema Mzee Kipriani.

Wakayapitia maandishi, neno kuvuja halimo. Mwenyekiti akamwuliza, kwa kurudia mara mbili ili amsome midomo, aliandika nini.

"Kwamba inalia. Kila siku. Daftari si mnalo?"

Afisa wa kumbukumbu aliitwa. Alieleza, kwa Kiswahili kilichonyooka, kwamba taarifa zilizopokelewa zilikuwa za kelele, kwamba kelele ya mtambo ni jambo la beringi, na kwamba yeye alitoa maelekezo ya grisi kwa wakati. Alionyesha wino wake. Mzee Kipriani alikuwa upande wa pili wa chumba akizitazama nyuso zetu moja baada ya nyingine, kama mtu anayesubiri kutafsiriwa. Barua ya onyo ilitoka wiki iliyofuata: kushindwa kutoa taarifa ya uvujaji kwa wakati. Alitia sahihi ya kupokea, herufi zote za jina lake, akarudi kituoni.

Msomaji ameshajua afisa huyo ni nani, kwa hiyo tuache kumwita mwandishi. Ni mimi.

Mwezi uliopita, nikitafuta vichekesho vya kuweka hapa, nilishusha madaftari ya zamani ya Nyakibanga kutoka juu ya kabati. Nilitaka kuona alianzaje. Ukurasa wa tarehe 19 Mei 2003 unasema: "Inalia matone sitini kwa dakika. Nimekaza robo. Sasa inalia arobaini. Vizuri."

Niliusoma nikiwa nimesimama, nikaketi, nikausoma tena. Mzee hakuwahi kuandika habari za kelele maishani mwake. Kwao, kitu kinachotoa tone kinalia, kama jicho. Bomba la Kibondo halikupiga kelele, lilidondosha, ndiyo maana alilikaza. "Inalia vizuri" yalikuwa matone arobaini. "Hailii" ilikuwa sakafu kavu. Na "Leo imelia kidogo" ilikuwa taarifa ya uvujaji, imeandikwa siku ileile tone la kwanza lilipotoka, kwa mkono wa mtu aliyeyahesabu matone kwa miaka ishirini na mitano. Wakubwa walionitangulia walikuwa watu wa huku, walimwelewa. Akaja mjuzi wa Kiswahili.

Lililoniuma zaidi lilikuwa ndani ya jalada lake. Humo mna karatasi mbili zinazofuatana, hati ya daktari wa masikio na barua ya onyo. Nilizipanga mwenyewe. Kiziwi anawezaje kuripoti kelele? Ilikuwa inatosha kujiuliza hilo, mara moja tu, katika siku zile nne. Sikujiuliza. Wala wale watano wa kamati.

Nilikwenda Nyakibanga siku hiyohiyo, nimepakiwa na Anania, daftari la 2003 kifuani. Nilimwonyesha Mzee ukurasa, nikamwonyesha na ule wa Agosti, nikaeleza taratibu ili anisome midomo. Nilieleza vibaya kwa sababu nilikuwa nalia, kwa maana ya kwetu na ya kwao. Aliangalia kurasa zote mbili kwa muda mrefu.

"Ego, ndiyo," alisema mwisho. "Mimi nilidhani mnajua. Niliona wino mwekundu, nikasema, basi wamejua, wana hesabu yao."

Nikamwuliza kwa nini hakuzima pampu Alhamisi ile. Akasema zamani angekaza robo. Sili haikuwa na pa kukaza, na kuzima bila ruhusa ni kuwanyima watu maji. Aliomba tuje tumruhusu, akajibiwa Jumatatu, akaisubiri Jumatatu. Hakusema kwa lawama. Ingekuwa kwa lawama ningelala.

Nilimwandikia mkuu kuomba barua ile ifutwe. Niliambatanisha kurasa kumi na nne na maelezo ya kosa langu. Nilijibiwa kwa adabu kwamba muda wa rufaa ulikwisha Oktoba mwaka jana, kwamba mtumishi mwenyewe hakukata rufaa, na kwamba utaratibu hauruhusu afisa kumkatia rufaa mwenzake. Nimeomba tena na nimejibiwa tena. Kwa hiyo, ndugu wasomaji, tarehe 14 kutakuwa na pilau, kutakuwa na godoro na baiskeli kutoka kwa wafanyakazi, ila kabla ya chakula hakuna kitakachosomwa. Nafasi ya Mzee pia haitajazwa. Shafti sasa imevishwa ala mpya, sili ya pili imekaa kavu zaidi ya mwaka, na kituo kitaangaliwa kwa mtambo wa kutuma ujumbe. Ujumbe huo utakuja kwangu. Natumaini utakuwa na lugha moja tu.

Mhariri wa jarida hili ni mimi mwenyewe, ndiyo maana hakuna aliyeyafuta haya. Na kwa kuwa Mzee Kipriani hatasikia hotuba ukumbini, nimeona heri yachapwe, ayasome kwa wakati wake, kwa macho ambayo hayakumdanganya.

Kuna jambo la mwisho. Ukurasa wa tarehe 6 Agosti 2024 haumo tena kwenye daftari la Nyakibanga. Niliufuta wino wangu mwekundu kwa mstari mmoja, chini yake nikaandika: "Taarifa ya uvujaji imepokelewa siku hii. Mtoa taarifa hana kosa. M. Gharibu, afisa kumbukumbu." Nikapiga mhuri, nikauchana, nikautia fremu ya kioo. Kuchana daftari la ofisi ni kosa, na barua ya onyo ya kosa hilo naijua inavyoandikwa, maana huwa nazichapa mimi. Naisubiri.

Fremu nimempelekea Winifrida Jumapili baada ya misa. Alisoma, akaipima uzito mkononi, akatazama ule msumari. Akasema hicho si cheti. Nikasema ndiyo, si cheti. Akaiegemeza ukutani chini ya msumari, hakuitundika. Akasema mwenye ukuta ataamua akishastaafu.

Mzee Kipriani, asante kwa maji ya Kibondo, kwa maji ya Heru Juu, na kwa mchicha. Asante kwa kila asubuhi uliyotuandikia ukiamini tunasoma. Tunakutakia Gwarama yenye mvua ya kutosha, maharage yasiyoliwa na wadudu, na uzee mtulivu ukiwa na Winifrida. Na huko utakakokuwa, ukiona kitu chochote kinalia, tuandikie kwa neno lako lilelile, usilibadilishe. Nitakuja siku hiyohiyo.